Kapu la Mlangoni na Upendo wa Jikoni

Lipo neno moja ambalo siku hizi limezoeleka katika majiko ya mjini kama chumvi. Neno lenyewe ni upendo. Mpishi akisifiwa kwa mchuzi wake huulizwa siri, naye hujibu kwamba amepika kwa upendo. Jibu hilo hupendeza masikio, na kwa muda mrefu halikumdhuru mtu. Lakini katika miaka ya karibuni limepata mshirika. Wauzaji wa mboga za kilimo hai, wapokeao maagizo kwa simu na kufikisha kapu mpaka mlangoni, wamelichukua neno hilo wakalifunga pamoja na fungu la mchicha. Sasa yasemwa kwamba mzazi ampendaye mwanawe humlisha mboga zisizoguswa na dawa za viwandani, na kwamba asiyefanya hivyo ama hajui, ama hajali. Kwa njia hii upendo, ambao jana ulikuwa siri ya mpishi, leo umepewa mzani, bei na siku ya kufikishwa.

Dai hili halina budi kupingwa. Halipingwi kwa kuwa mboga za kilimo hai ni mbaya. Nyingi ni njema, na mwenye uwezo wa kuzinunua hana sababu ya kuona haya. Lapingwa kwa kuwa lawafundisha watu kuona upendo mahali usipokuwapo, na kutouona mahali ulipo. Upendo wa jikoni ukichunguzwa vizuri hupatikana kuwa umejengwa kwa mambo matatu: maarifa, kazi na haki. Yakikosekana matatu hayo, neno upendo ni kifuniko kizuri juu ya chungu kitupu.

Maarifa na yatangulie. Hapana mfano ulio wazi kuliko kisamvu. Jani la muhogo, sawa na mzizi wake, lina kitu ambacho kikipondwa hutoa sianidi, na sianidi ni sumu. Sumu hiyo haikupulizwa na mkulima wala haikutoka kiwandani. Muhogo wenyewe huitengeneza ili kujikinga na viumbe viulavyo. Kwa hiyo kisamvu cha kilimo hai hakina sumu pungufu kwa sababu tu kimelimwa kwa samadi. Kinachomwokoa mlaji ni kinu, mchi, maji na moto. Wanawake wa pwani na wa bara walijua tangu kale kwamba kisamvu hutwangwa kwanza mpaka kilainike, kisha huchemshwa muda mrefu, ndipo kitiwe tui la nazi au karanga. Hawakusubiri mwalimu wa kemia awaambie. Maarifa hayo yalihifadhiwa mikononi mwao, na bibi aliyakabidhi kwa mjukuu pamoja na mchi.

Maarifa yakizuiwa kufanya kazi yake, upendo hauwezi kushika nafasi yake. Mwaka 1981, katika Nampula nchini Msumbiji, ukame uliwaacha watu wengi bila chakula ila muhogo mchungu. Njaa haikuwapa nafasi ya kuuroweka na kuuanika kwa siku zinazotakiwa. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Maradhi hayo hayo yalionekana Tarime, Tanzania, mwaka 1985. Nani atathubutu kusema kwamba mama wa Nampula hawakuwapenda watoto wao? Waliwapenda kama apendavyo mama yeyote, na chakula walichowapa kilitoka shambani mwao wenyewe, pasipo dawa ya kiwanda. Vyote viwili, upendo na asili, vilikuwapo. Kilichokosekana ni siku chache za maji na jua. Basi yule asemaye kwamba upendo ndio kiungo kikuu cha chakula, na yule asemaye kwamba kila kilicho cha asili ni salama, wote wawili wajibiwe kwa Nampula.

Jambo la pili ni kazi. Mtu akiketi mezani huona sahani; haoni mkono uliokuna nazi juu ya mbuzi, ukakamua tui mara mbili, ukachambua mchicha jani kwa jani na kupuliza mkaa huku moshi ukiingia machoni. Ukweli huu hufichwa na neno upendo kuliko unavyofichwa na neno lolote jingine. Katika arusi za pwani, masufuria makubwa ya pilau mara nyingi hupikwa na wanaume. Mwanamume huyo akimaliza, kazi yake huitwa ufundi, naye hulipwa. Mwanamke apikaye nyumbani siku 365 za mwaka, kazi yake huitwa upendo, naye huambiwa asante pale mwenye nyumba anapokumbuka. Tofauti haiko katika moto wala katika mchele. Iko katika jina. Kinachoitwa ufundi hudai ujira, na kinachoitwa upendo hudaiwa bila kikomo. Kwa wanaume wengi mwiko wa kupikia umegeuka kuwa mwiko wa kutoguswa, na lugha imetumiwa kuulinda mwiko huo.

Tena katika nyumba nyingi za mjini apikaye si mke wala mume, bali binti wa kazi aliyetoka kijijini, ambaye huamka kabla ya watu na kulala baada yao. Sifa za upendo hupewa mama mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeagiza kapu. Mikono iliyoosha mchanga wa karoti haitajwi. Sharti iulizwe: ikiwa upendo ndio unaokoleza chakula, binti huyo anatakiwa ampende nani, na kwa mshahara gani?

Na ichukuliwe nyumba yoyote ya Dar es Salaam iliyoamua kulijaribu kapu hilo, ili haki itendeke kwa pande zote. Juma la kwanza huleta furaha na mashaka. Mchicha una matundu ya wadudu. Karoti zina udongo. Ndani yake mna mnafu ambao watoto hawajauonja, na majani ya maboga ambayo hakuna ajuaye kuyamenya. Nyanya hazimo, kwa maana masika yameingia na ukungu umezipiga shambani. Juma la pili watoto husukuma sahani kwa sababu mnafu ni mchungu. Juma la tatu mpishi, aliyekwisha kumpigia simu mama yake kijijini na kuuliza, huyavua majani ya maboga nyuzi zake, huyakata, huyapika kwa karanga, na sahani hurudi tupu. Hapo kapu limefanya jambo jema. Limeikumbusha nyumba kwamba mvua na jua vina neno katika chakula. Limemlazimisha mpishi kupika kilichopatikana badala ya kutafuta alichozoea. Limerudisha jikoni ujuzi uliokuwa ukielekea kaburini.

Wema huo usikanwe. Lakini uangaliwe umetoka wapi. Haukutoka katika alama iliyobandikwa juu ya kapu. Umetoka kwa mama wa kijijini aliyejua, na kwa mpishi aliyekubali kujifunza. Kapu lililetwa na pikipiki kwa nusu saa. Maarifa ya kulipika yalikuja na vizazi vingi. Mwenye nyumba akijisifu kwamba amejaribu mboga za kilimo hai, ajiulize kwanza ni nani hasa aliyejaribu.

Wapo watu wa upande wa pili, nao wasiachwe bila kuguswa. Hao hucheka na kusema kwamba kilimo hai ni uzungu, anasa ya watu walioshiba. Hawajui wanachokicheka. Albert Howard, mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza ambaye huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa kilimo hai cha kisasa, alikwenda India mwaka 1905 ili kuwafundisha wakulima, na badala yake akafundishwa nao. Njia ya kutengeneza mboji aliyoieneza aliipa jina la Indore, mji wa India alikofanyia kazi, na kitabu chake mashuhuri kikatoka mwaka 1940. Wala Afrika Mashariki haikuwa darasani peke yake kama mwanafunzi. Wamatengo wa Mbinga huchimba ngoro katika miteremko, hufukia nyasi chini ya udongo, na kwa kazi hiyo huzuia mmomonyoko na kurutubisha ardhi. Wachagga wa Kilimanjaro walipanga kihamba ambamo migomba, kahawa, miti na mifugo husaidiana, na samadi ya zizini hurudi shinani. Elimu hii ilikuwapo kabla ya jina lake. Kuiita uzungu ni kuwapa wageni urithi ambao hawakuudai.

Hata hivyo, kuitetea elimu si kumtetea kila aiuzaye. Wauzaji wengine husema kwamba mboga za kilimo hai zina lishe maradufu. Hapa neno kupika hupata maana yake ya pili katika Kiswahili, maana hesabu nazo hupikwa. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford waliupima utafiti mwingi uliokwisha kufanywa, wakasema hawakuona ushahidi wa nguvu kwamba vyakula vya kilimo hai vina virutubisho zaidi, ingawa mabaki ya dawa za wadudu huonekana ndani yake kwa nadra zaidi. Mwaka 2014 wataalamu wengine, walioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, walisema kwamba mazao hayo yana wingi wa baadhi ya viini vifaavyo mwilini na upungufu wa kadimi. Wenye elimu bado wanahojiana. Mwenye duka amekwisha kata shauri. Mtu mwaminifu angetosheka kusema kwamba dawa ni chache, na kwamba mkulima naye, abebaye bomba la dawa mgongoni pengine bila kinga ya mdomo wala mikono, huepushwa na hatari kabla ya mlaji. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo isiyotajwa mara nyingi katika matangazo, kwa kuwa haimhusu mwana wa mnunuzi.

Hapa hoja inafika katika haki, jambo la tatu. Mwaka 2007 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipata kanuni za pamoja za mazao ya kilimo hai, na alama ya Kilimohai ikazinduliwa. Lilikuwa jambo la busara. Vikundi vya wakulima wadogo hupata njia ya kukaguana wenyewe kwa wenyewe, pasipo kubeba gharama ya mkaguzi wa mbali. Lakini alama husema shamba lilivyolimwa. Haimwambii mnunuzi ni shilingi ngapi katika bei ya kapu zilizobaki mkononi mwa mkulima. Swali hilo huulizwa na wachache. Mnunuzi huuliza kama mchicha umepuliziwa dawa. Haulizi kama aliyeulima amelipwa.

Tena kapu la mlangoni linatangazwa kana kwamba ni jambo jipya, na huku mji wa Dar es Salaam haujapata kukosa mboga za mlangoni. Tangu alfajiri wapita wachuuzi, wengine na beseni kichwani, wengine na tenga juu ya baiskeli, wakinadi mchicha, matembele na bamia. Na yasikilizwe mazungumzo yasikikayo katika vichochoro vya mji.

"Shikamoo, mama. Fungu kiasi gani?"

"Marahaba. Mia tano, mwanangu."

"Mia tatu, mama. Mchicha wenyewe umenyauka."

"Mwanangu, nimetoka nao bondeni alfajiri."

"Basi mia tatu, au niache."

Mama huyo hukubali, kwa kuwa jua linapanda na mchicha haungoji. Saa nne ya asubuhi ile ile pikipiki husimama mbele ya mlango ule ule, na kapu lenye karatasi nzuri hulipiwa bei iliyoandikwa, pasipo neno la kupunguziwa. Mnunuzi ni mmoja. Mkono ni mmoja. Mbele ya karatasi umekunjuka. Mbele ya uso wa mama mzima umekunjana. Ikiwa kulilipia kapu bila kulalamika ni upendo, shilingi 200 zilizonyang'anywa beseni zitaitwaje?

Pengine atajitetea kwa kusema kwamba mboga za bondeni si salama. Utetezi huo una ukweli. Mto Msimbazi hupokea maji machafu ya viwanda na ya makazi, na kando yake mboga zimelimwa kwa miaka mingi. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha uchunguzi wa mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakatahadharisha kwamba wingi wa madini mazito ndani yake waweza kuwadhuru walaji kadiri muda unavyopita. Hofu ya mnunuzi, basi, ina msingi. Lakini kitendo chake hakina. Akijua kwamba mto ni mchafu, naye akajinunulia kapu kutoka milimani na kunyamaza, amewaachia sumu wale wasioweza kununua kapu. Wala mwenye kulima bondeni hakuumwaga uchafu ule mtoni. Huupokea kama apokeavyo mvua. Upendo unaokomea kwenye kizingiti cha nyumba ya mtu ni uangalifu wa mali. Jina la upendo ni kubwa mno kwake.

Ilivyopasa kapu kuwa yajulikana. Mwaka 1971 ilianzishwa nchini Japani jumuiya ya kilimo hai, na aliyeongoza mwanzo wake ni Ichiraku Teruo, mtu wa vyama vya ushirika. Utaratibu uliokua hapo huitwa teikei, nao maana yake ni ushirikiano. Wakulima na walaji hupatana mapema juu ya kitakacholimwa; walaji hupokea mazao yote, yaliyonyooka na yaliyopinda; bei huamuliwa kwa kutazama maisha ya pande mbili. Nchini Marekani, mwaka 1986, mashamba mawili ya Massachusetts na New Hampshire yalianza utaratibu unaofanana na huo: wanachama hulipa kabla ya msimu, na mvua ikiharibu mazao, hasara huwa ya wote. Hapo kapu si bidhaa. Ni mkataba. Alaye amekubali kuwa mwenzi wa alimaye, katika neema na katika ukame.

Wala Japani isisifiwe kupita kiasi. Kazi ya kupokea na kugawa mazao ya teikei iliwaangukia zaidi wake wa nyumbani, bila ujira. Na wanawake wengi zaidi walipokwenda kufanya kazi za mshahara, vikundi vingi vilidhoofika. Ushahidi huo unatosha kuthibitisha lililokwisha kusemwa juu ya upendo na kazi. Kila jambo jema lililojengwa juu ya kazi isiyolipwa ya wanawake husimama kwa muda, kisha huanguka, na lawama huwaangukia wao.

Basi wenye elimu wana wajibu gani? Vyuo vikuu vina mabwalo yalishayo wanafunzi kwa maelfu. Bwalo moja likipatana na kikundi cha wakulima wa Uluguru au Lushoto kabla ya msimu, likalipa mapema na kupokea kilichopatikana, litafundisha haki kuliko mihadhara kumi. Wanafunzi wa sayansi wana mito ya kupima na kupima tena, mpaka wenye mamlaka waone haya. Wanafunzi wa lugha wana ujuzi wa bibi zao wa kuuandika kwa Kiswahili sanifu, jinsi kisamvu kinavyotwangwa na mlenda unavyopikwa, kabla wajuzi hawajaondoka. Na wanaume wa vyuoni, ambao huandika kwa ufasaha juu ya ukombozi, wana mwiko unaowangoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka chakula cha upendo sharti apulize mkaa.

Mwenye kununua kapu aendelee kulinunua, ila aulize kwa sauti mkulima amepata nini. Mwenye kununua kwa beseni alipe bei aliyotajiwa. Mwenye kumwajiri mpishi amlipe kwa jina la ufundi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yapaswa kuelekezwa kwa neno upendo lenyewe, ambalo siku hizi linatembezwa mlango kwa mlango juu ya pikipiki. Upendo wa kweli wa jikoni haukupata kuhitaji mnadi. Ulikuwa kinuni, ukitwanga kisamvu mpaka sumu itoke, na aliyeutwanga hakuuliza kama mlaji ni mwanawe.